Hashimoto: daktari wa kijijini aliyeupa jina ugonjwa asioujua

Mgonjwa akitoka kwa daktari na kuambiwa kuwa tezi yake ya shingo ina Hashimoto, aghalabu hurudi nyumbani akiulizana na jamaa zake. Hicho ni kidudu gani? Ni virusi? Ni jina la dawa? La, ni jina la mtu. Alikuwa daktari wa Kijapani aliyeishi miaka 52. Akiwa kijana aliandika makala moja nzito, kisha akarudi kwao mashambani kutibu watu, na akafa kabla jina lake halijawa la kutajwa kila siku katika hospitali za dunia nzima.

Ndugu msomaji, leo namleta mtu huyu barazani kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake ni somo. Pili, jina lake limebandikwa pia kwenye ugonjwa mmoja wa ubongo unaowaletea watu wazima kifafa, ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakuuandika hata kwa mstari mmoja. Jinsi jina hilo lilivyofika huko ni jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Pwani, tunaokimbilia kukipa kifafa jina kabla ya kukitafutia chanzo.

Hakaru Hashimoto alizaliwa tarehe 5 Mei 1881 katika kijiji kimoja cha Iga, mkoa wa Mie, nchini Japani. Iga ni bonde lililozungukwa na milima, na wapenzi wa filamu za mapigano huenda wakalijua jina hilo, kwani ndiko kunakosifika kwa maninja wa zamani. Lakini ukoo wa Hashimoto haukuwa wa panga. Ulikuwa ukoo wa matabibu tangu vizazi vya nyuma, na babu yake alikuwa tabibu mwenye sifa katika eneo hilo. Hakaru alikuwa mtoto wa tatu wa kiume. Kama mtoto wa fundi wa majahazi anavyokua akisikia harufu ya mbao na sifa, ndivyo naye alivyokua akiona wagonjwa wakibisha mlangoni kwao.

Wakati huo Japani ilikuwa nchi yenye haraka. Ilikuwa imefungua milango yake kwa dunia, na katika mambo ya tiba iliamua kujifunza kutoka kwa Wajerumani. Mwanafunzi wa udaktari alisoma vitabu vya Kijerumani, na aliyetaka kusikika duniani aliandika kwa Kijerumani.

Mwaka 1903 kilifunguliwa chuo cha udaktari katika mji wa Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto. Hashimoto aliingia mwaka huohuo, na alipohitimu mwaka 1907 akawa miongoni mwa madaktari wa kwanza kabisa kutoka chuoni hapo. Hakuondoka. Alibaki katika idara ya upasuaji chini ya Profesa Hayari Miyake, bingwa aliyekuwa amepata mafunzo Ujerumani na ambaye Wajapani wanamkumbuka kuwa mmoja wa waasisi wa upasuaji wa ubongo nchini mwao.

Hapo ndipo zilipomfikia tezi za wanawake wanne.

Wanawake hao walikuwa watu wa makamo, na wote walikuwa wamepasuliwa shingo kwa sababu ya rovu. Tezi ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi, hukaa mbele ya koo kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kasi gani: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, chakula kichomwe upesi au polepole. Watu wengi tunalijua rovu linalotokana na upungufu wa madini ya ayodini, na ndiyo sababu chumvi tunayonunua dukani huongezwa madini hayo. Lakini alipoziweka tezi za wanawake wale chini ya hadubini, Hashimoto aliona kitu ambacho vitabu alivyosoma havikukieleza.

Tezi zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Hazikuwa zimepita njia tu. Zilikuwa zimejikusanya makundi makundi na kujijengea vituo, kama zinavyofanya katika tezi za kinga zilizo kwapani na kinenani. Chembe halisi za thairoidi zilikuwa zimebadilika sura, na katikati yake palikuwa na nyuzi za kovu.

Wakati ule palikuwepo ugonjwa mwingine wa thairoidi uliokwisha kuelezwa na daktari wa Kijerumani, Riedel, mwaka 1896, ambao huifanya tezi iwe ngumu kama gogo. Ingekuwa rahisi kwa kijana wa miaka thelathini kusema kwamba alichokiona ni kilekile cha Riedel. Alilinganisha, akatofautisha, na akashikilia kuwa huu ni ugonjwa wa peke yake. Makala yake ya kurasa 30 ilichapishwa mwaka 1912 katika jarida la upasuaji la Berlin. Ugonjwa aliuita struma limfomatosa, yaani rovu lililojaa chembe za kinga.

Angalieni jina hilo. Halitaji chanzo, wala halidai kujua ni nani aliyewaita askari wale shingoni. Linaeleza kilichoonekana kwa macho, basi. Kwa nini mwili upeleke jeshi kwenye tezi yake wenyewe? Hilo lilibaki bila jibu, na yeye hakulitungia.

Baada ya makala hayo Hashimoto alisafiri kwenda Ulaya kuendeleza masomo. Huko Göttingen, Ujerumani, alifanya kazi na Profesa Eduard Kaufmann, mtaalamu mkubwa wa patholojia, na alishughulikia kifua kikuu cha figo. Kisha mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vikaripuka. Japani ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani, na mwanafunzi wa Kijapani hakuwa tena na mahali katika nchi ile. Alipitia Uingereza, na mwaka 1915 akawa amerudi nyumbani.

Wengi wangetarajia arejee chuoni na kuwa profesa. Mwaka 1916 alirudi Iga badala yake, akafungua kazi ya udaktari pale walipofanya kazi wazee wake. Mtu aliyekuwa ameandika katika jarida la Berlin sasa alikuwa akipasua majipu na matumbo ya wakulima, na akiwafuata majumbani wale waliozidiwa. Aliendelea hivyo kwa karibu miaka 18.

Tarehe 9 Januari 1934 Hashimoto alifariki kwa homa ya matumbo, taifodi hiihii tunayoijua sisi. Dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya taifodi ilianza kutumika mwaka 1948, miaka 14 baada ya yeye kuzikwa.

Hapa ndipo maisha ya pili ya Hashimoto yanapoanza, maisha ya jina lake. Kwa karibu miaka 20 wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kuwa alichokieleza ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa wa Riedel. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Marekani, Graham na McCullagh, walipitia ushahidi upya na kuonyesha kuwa Mjapani yule alikuwa sahihi, wakalitia jina lake katika kichwa cha makala yao. Mwaka 1939 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Cecil Joll, aliandika juu ya ugonjwa wa Hashimoto, na jina likaganda.

Lile swali la ni nani aliyewaita askari shingoni lilijibiwa mwaka 1956. Huko London, Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa Hashimoto, wakayakutanisha na dondoo la thairoidi, na wakaona kuwa damu hiyo ina kingamwili zinazoishika tezi ya mgonjwa kana kwamba ni adui. Mwaka huohuo, mjini Buffalo nchini Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walitangaza kuwa wameweza kumfanya sungura aishambulie thairoidi yake mwenyewe. Kabla ya hapo wanasayansi wengi waliamini kuwa mwili hauwezi kujipiga vita. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ilibainika kuwa ki ndani zaidi ya nguo, kimo damuni.

Leo ugonjwa wa Hashimoto ni miongoni mwa sababu kubwa za thairoidi kuzorota, hasa kwa wanawake. Mtu huchoka, huongezeka uzito, huhisi baridi, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, hedhi huvurugika. Kipimo cha damu huonyesha, na kidonge cha homoni kila asubuhi hurudisha mambo mahali pake kwa wagonjwa wengi.

Sasa tuje kwenye kifafa.

Mwaka 1966 daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, Lord Russell Brain, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu mwanamume mmoja wa makamo. Ni sadfa ya ajabu kwamba jina la daktari huyu, kwa Kiingereza, maana yake ni ubongo. Mgonjwa wake alikuwa na ugonjwa wa Hashimoto, na kingamwili za thairoidi zilikuwa nyingi damuni mwake. Lakini kilichowashughulisha madaktari ni kichwa. Mara kwa mara fahamu zake zilivurugika, na akapata dalili zilizofanana na kiharusi, ambazo huja na kuondoka. Lord Brain aliuliza kama mambo haya mawili, tezi na ubongo, yana uhusiano. Mwenyewe alifariki Desemba mwaka huohuo, na swali akatuachia.

Tangu hapo wagonjwa wengine wamekuwa wakiandikwa. Ni ugonjwa adimu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu wawili hivi kwa kila 100,000, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Zaidi ya nusu ya walioandikwa walipata kifafa. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka maishani mwake anaanza kuanguka na kutukutika. Mwingine anatetemeka mikono, anasahau, anachanganyikiwa, anaona na kusikia yasiyokuwepo, hata jamaa wakadhani amerukwa na akili. Wengine kifafa huwashika mfululizo bila kuachia, na dawa za kawaida za kifafa hazifui dafu. Picha ya ubongo yaweza kutoka safi kabisa. Hata kiwango cha homoni za thairoidi chaweza kuwa cha kawaida, kwa hivyo daktari asiyetafuta kingamwili hatazipata.

Jambo lililowapa watu matumaini ni dawa. Baadhi ya wagonjwa hawa wakipewa steroidi, dawa zinazotuliza jeshi la kinga, hubadilika ndani ya siku au wiki chache. Aliyekuwa hajitambui huketi, hula, hutaja majina ya wanawe. Si wote, na wengine hurudiwa dozi inapopunguzwa, lakini kwa aliyeyaona mabadiliko hayo kwa jamaa yake, si jambo dogo.

Hata hivyo, wataalamu wenyewe hawakubaliani kuhusu jina. Kingamwili za thairoidi hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi walio wazima wasioumwa chochote. Kwa hivyo kuzikuta kwa mtu mwenye kifafa si ushahidi kwamba ndizo zilizoleta kifafa. Huenda ni majirani tu, wanaishi mtaa mmoja bila undugu. Mwaka 2006 kundi la madaktari wa Marekani lilipendekeza jina jipya lisilomtaja Hashimoto, linaloeleza tu kinachoonekana: maradhi ya ubongo yanayosikia steroidi kwa mtu mwenye kingamwili za thairoidi. Mwaka uliofuata, 2007, Josep Dalmau na wenzake walieleza kingamwili nyingine kabisa, zinazoshika ubongo wenyewe, na tangu wakati huo imebainika kuwa baadhi ya waliopewa jina la Hashimoto walikuwa na ugonjwa mwingine. Ndiyo maana siku hizi daktari makini hufika kwenye jina hilo mwisho, baada ya kuondoa malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, uvimbe, upungufu wa sukari au chumvi mwilini, sumu na kingamwili nyinginezo.

Naona kana kwamba madaktari wamemzungukia Hashimoto wakarudi kwenye mwenendo wake wa 1912: eleza ulichokiona, usilifanye jina kuwa chanzo.

Na sisi je? Hapa kwetu mtu mzima akianguka, jina huwa tayari kabla hajainuliwa. Ametupiwa kitu. Ana jini. Ni mizimu ya kwao. Bibi harusi akianguka, wifi zake washajua nani aliyemfanyia. Mgonjwa hupelekwa kupungwa, hunyweshwa kombe, hufichwa chumbani, huachishwa kazi, huachwa hata na mume. Na kwa upande wa pili tunaojiona wasomi nasi tuna jina letu: huyo ana kifafa, basi, kana kwamba tumemaliza. Kifafa nacho si chanzo. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili.

Utafiti wa miaka mingi uliofanywa hapahapa Kilifi umeonyesha kuwa nyuma ya kifafa kuna mambo yanayojulikana: matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, vimelea. Umeonyesha pia kuwa wagonjwa wengi hawatumii dawa ipasavyo, au hawajawahi kuzipata. Hao ndio walio wengi. Ugonjwa wa Lord Brain ni wa wachache sana, na sitaki msomaji atoke hapa akidhani kila aangukaye ana Hashimoto. Ninachotaka ni kwamba yule mmoja, aliye na rovu au anayemeza kidonge cha thairoidi, ambaye ghafla ameanza kuanguka na kuweweseka, asiozee chumbani akiitwa mwenye jini ilhali huenda ana ugonjwa unaotibika.

Kwa hivyo, tufanye nini? Mtu akishikwa, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika tano bado anatukutika, au akishikwa tena kabla fahamu hazijarudi, ni hospitali bila kungoja. Mkifika, mwelezeni daktari mlichokiona: kilianzaje, upande gani, kilidumu muda gani, anatumia dawa gani, ana tatizo la tezi au katika ukoo wenu lipo. Asiyepata nafuu kwa dawa za kifafa aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Wala asiache dawa zake ghafla kwa sababu amesoma makala hii.

Na steroidi zisinunuliwe duka la dawa kwa kuambiwa na jirani. Hupandisha sukari na presha, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Hizo ni dawa za kupewa na anayekufuatilia.

Simkatazi mtu dua. Dua ni yetu na ni tegemeo letu. Lakini aliyetuamuru kuomba ametuamuru pia kutafuta tiba, na mgonjwa aliyesomewa usiku hazuiwi kupimwa damu asubuhi.

Leo ndani ya uwanja wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Kyushu kuna njia iliyopewa jina la Hashimoto, na sura yake imo katika nembo ya chama cha wataalamu wa thairoidi wa Japani. Heshima zote hizo zilikuja baada yake. Alichokuwa nacho mkononi alipokuwa hai ni tezi za wanawake wanne, hadubini, na subira ya kutosema zaidi ya alichokiona. Familia nyingi za Pwani hazina hadubini, lakini subira hiyo tunaiweza, na kuna wagonjwa majumbani mwetu wanaoingojea.

Mwenyezi Mungu awape afueni wagonjwa wetu wote.